Ukingo Ulionyolewa

Ndila alizisikia nyimbo kabla hajashuka kwenye bodaboda. Zilitoka upande wa mtoni, mmoja akianzisha na wengine wakiitikia, naye alizitambua mara moja kuwa nyimbo za mwethya, zile ambazo akina mama wa Mwala huziimba wanapolimiana mashamba kwa zamu. Alimlipa mwenye pikipiki, akaisukuma ndani ya mkoba bahasha ya dawa za presha alizopewa kliniki mjini Machakos, akasimama langoni akijiuliza ni nani aliyeitiwa mwethya siku hiyo. Zamu yake mwenyewe ilikuwa bado.

Alilizunguka ghala hadi pale ambapo shamba huanza kuteremka. Hapo alisimama ghafla, mkono kwenye nguzo ya ghala.

Ukingo wa mto ulikuwa umenyolewa. Nyasi zilizokuwa zimesimama hadi kiunoni, nyasi alizozilinda tangu mwaka jana dhidi ya mbuzi na punda wa kila mtu, zilikuwa zimekusanywa katika malundo nadhifu. Kuanzia mpaka wa juu hadi kwenye ukuta wa bwawa la mchanga, ardhi ilikuwa wazi na safi kama kichwa cha mtoto anayepelekwa shule siku ya kwanza. Na kesho yake asubuhi, afisa wa serikali angekuja kuzikagua nyasi hizo hizo.

"Mama Mumo, umeturudia mapema," alisema Mwikali, akiupanda mteremko huku panga likining'inia mkononi. Alikuwa kiongozi wa mwethya, mwanamke mnene mwenye sauti ya kwaya, rafiki wa Ndila tangu walipokuwa maharusi. "Tulitaka ukute tumekwisha kazi na kunawa miguu. Basi tazama. Kesho huyo mtu wa serikali akija, atajua kwamba hapa wanaishi watu."

"Mmefanya kazi kubwa," alisema Ndila.

"Kubwa? Ulikuwa msitu huu. Nilikuwa nikikuonea haya, dada yangu, lakini sikutaka kukuvunja moyo. Nilijisemea, huyu amebaki peke yake tangu mzee wake afariki, na presha nayo imemkalia kooni. Nguvu za kufyeka atazitoa wapi? Na kwa vile ninavyokujua, kuomba msaada ungeona ni heri ufe."

Ndila alitambua mahali kosa lilipozaliwa, na halikuzaliwa kwa Mwikali. Jumapili, baada ya ibada, aliwaambia wenzake wa mwethya kwamba Alhamisi hangefika kazini kwa sababu serikali ingekuja kulikagua shamba lake. Hakusema zaidi. Hakuwaeleza kwamba kulikuwa na mpango mpya wa kuwalipa ruzuku wenye mashamba ya kando ya mito, ili ukanda wa ukingoni usilimwe, usichomwe, wala usilishwe mifugo, na miti ya asili ipandwe humo. Aliona haya. Maisha yake yote alikuwa amesifiwa kwa usafi wa shamba. Chifu mmoja wa zamani aliwahi kuwaleta watu wa kata nyingine waje kuyatazama matuta yake. Angewaambiaje wanawake waliozeeka na jembe mkononi kwamba sasa angelipwa kwa kutolima? Wangecheka mpaka wakae chini. Basi alinyamaza, nao wakafanya lile ambalo mwanamke yeyote wa Ukambani aliyefunzwa na mama yake angelifanya akisikia kwamba mgeni mkubwa yuko njiani kwa mwenzake asiyejiweza. Waliamka alfajiri, wakaja kumfyekea.

Laiti ingekuwa ruzuku peke yake, angeomboleza kidogo kisha akaendelea na maisha. Lakini shamba lile lilikuwa la marehemu baba mkwe wake, na hati yake ilikuwa bado haijagawanywa baina yake na shemeji yake, Muthoka. Muthoka alikuwa amefuatwa na mfanyabiashara wa mchanga aliyetafuta mahali pa kuteremshia malori yake. Malori yangeukata ukingo ili yapate njia, kisha yangeuzoa mchanga wote uliojikusanya nyuma ya ukuta wa bwawa. Na ndani ya mchanga ule ndimo maji yalimokaa. Kisima alichokichimba mume wa Ndila kingekauka, na visima vya majirani vingefuata. Muthoka hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na binti, Wendy, aliyepata nafasi katika chuo cha uuguzi, na hakujua karo ingetoka wapi. Walikubaliana, yeye na shemeji yake, kwamba ruzuku ikipatikana, Wendy asomeshwe nayo, na malori yasikanyage pale. Ikikosekana, Ndila hangeweka tena pingamizi.

Na tayari palikuwa na doa. Afisa alipokuja mara ya kwanza, Ndila alikuwa msibani Kalama, na Muthoka ndiye aliyempokea. Miche haikuonekana kwa urefu wa nyasi; naye Muthoka, ambaye humwogopa nyoka kuliko anavyoiogopa radi, alikataa katakata kuingia humo ili amwonyeshe. Afisa aliondoka akisema kwamba angerudi mara moja tu, na kwamba siku hiyo ndiyo ingeamua.

"Sasa limebaki jambo moja," alisema Mwikali, akikifungua kifundo cha leso yake na kutoa kiberiti. "Tuyachome malundo haya, halafu tuje tule. Muthokoi wako tumekwisha kuuteleka jikoni. Wewe utapakua tu, isije ikasemwa kwamba mwethya ulijilisha wenyewe."

Ndila alikitazama kile kiberiti kama mtu anayemtazama ng'e juu ya mto wa kulalia.

"Acha moto, Mama Kioko. Upepo unaelekea jikoni. Tutakula moshi."

"Basi tutachoma baada ya kula."

"Baada ya kula mtakuwa mmechoka. Niachieni mimi. Nina matumizi nayo."

"Matumizi gani ya nyasi kavu hivi? Ng'ombe wako alikwisha kuuzwa."

"Mama Kioko," alisema Ndila polepole, "nimetoka kwa daktari sasa hivi, naye amesema nisibishane na mtu."

Mwikali alicheka, akakirudisha kiberiti kifundoni.

Walikula kivulini nyuma ya jiko. Ndila aliupakua ule muthokoi wa mahindi na maharagwe kwa mkono wake, sahani baada ya sahani, akamkabidhi kila mmoja na kumshukuru kwa jina, kama desturi inavyotaka. Angewakemeaje? Mikono yao ilikuwa imekatwakatwa na makali ya nyasi. Mmoja wao alikuwa ameuacha mzigo wake wa sokoni ili aje. Walitaniana kwa furaha ya watu waliomaliza kazi njema; walisema kwamba huenda afisa huyo ni mjane wa kiume, na kwamba Ndila avae lile gauni la buluu.

"Mbona huli?" aliuliza Mwikali.

"Daktari amenikataza chumvi."

"Amekukataza chumvi, hakukukataza chakula. Kula, usije ukaonyesha serikali mifupa."

Aliinua kijiko, akakirudisha.

Walipokwisha kwenda zao, Muthoka alikuja kwa njia ya mtoni. Alisimama mbele ya malundo, kofia mkononi, kama mtu aliyefika mazishini akiwa amechelewa.

"Shemeji," alisema, "ni nani aliyetufanyia hivi?"

"Rafiki zangu."

"Ungekuwa na maadui, je?"

Muthoka alizunguka lundo mara moja, akaligusa kwa ncha ya fimbo. "Tunaweza kusema kwamba ni mbuzi."

"Mbuzi hawapangi malundo."

"Basi tuzichomeke tena ardhini. Tuzisimamishe. Kwa mbali hazijulikani zilizokufa na zilizo hai."

"Unataka nichomeke nyasi zilizokufa kama maua ya kaburini, halafu nisimame kando nikitabasamu?"

"Ninajaribu kukusaidia, Mama Mumo. Yule mtu wa malori amenipigia simu tena leo. Nimemwambia kwamba kesho adhuhuri atapata jibu langu. Unafikiri ninapenda? Hata mimi ninakunywa maji ya kisima hicho. Lakini Wendy ananitazama kila asubuhi, hasemi neno, ananitazama tu."

"Ninajua," alisema Ndila, na sauti yake ililainika. "Kesho nitamwambia afisa jambo lilivyokuwa. Uongo unataka mtu mwenye kumbukumbu na damu iliyotulia, nami sina vyote viwili. Akikataa, amekataa. Nilikupa neno langu, sitalirudisha."

Upepo wa jioni ulivuma kutoka ng'ambo, ukainua vumbi jembamba pale ukingoni, mahali ambapo kwa mwaka mzima hapakuwa na vumbi. Ndila alipoliona alishindwa kuvumilia. Aliteremka, akakumbatia nyasi za lundo la kwanza, akaanza kuzitandaza juu ya ardhi. Hakuwa na hila yoyote moyoni. Ilimuuma tu kuuona udongo ule ukiwa uchi, kama ambavyo humuuma mtu kumwona mgonjwa aliyefunuka shuka.

Muthoka alivua koti, akachokoachokoa kila lundo kwa fimbo yake ndefu ili kujihakikishia kwamba nyoka wameondoka, akajiunga naye. Katika kutandaza huko waliifikia miche, mikau na mikuyu michanga aliyoipanda Ndila mvua zilizopita. Ilikuwa imesimama. Kwenye kila mche palikuwa pamefungwa kitambaa chekundu kilichochanwa kutoka kwenye leso kuukuu, na Ndila aliifahamu leso ile. Mwikali aliivaa mpaka rangi ikaanza kumkimbia. Mkau mmoja tu, uliokuwa chini kabisa karibu na ukuta wa bwawa, ulikuwa umekatwa usawa wa ardhi. Aliinama, akakigusa kisiki chake, akatandaza nyasi pembeni yake bila kukifunika.

Asubuhi afisa aliwasili kwa pikipiki ya serikali, akiiendesha mwenyewe. Alikuwa mwanamke wa makamo aitwaye Nyaguthii, mzaliwa wa Murang'a, ambaye licha ya kukaa Machakos muda mrefu, Kikamba chake kilikuwa hakijavuka salamu. Ndila alikuwa amekwisha kuyapanga maneno yake tangu alfajiri, kama mtu atakayetoa ushahidi. Alikuwa amevaa gauni la buluu. Muthoka alisimama nyuma yake ndani ya koti, simu yake mkononi.

"Karibu, madam," alianza Ndila. "Kabla hatujateremka, kuna jambo ambalo ni lazima nikueleze."

Hakufika mbali. Kutoka langoni vilisikika vigelegele, na mwethya mzima uliingia uwanjani kwa mavazi ya Jumapili, Mwikali akiwa mbele. Hakuna aliyewaalika. Walikuja kuisikia kazi yao ikisifiwa.

"Madam, karibu sana Mwala," alisema Mwikali, akimpa afisa mkono wa heshima, ule wa kuushika kiwiko kwa mkono wa pili. "Usimwache Mama Mumo akudanganye kwa unyenyekevu wake. Kazi utakayoiona ni yetu sisi. Mpaka juzi hapo mtoni palikuwa msitu wa nyoka. Sisi tumefyeka zote. Hatukubakisha."

Muthoka alifumba macho.

"Mmefyeka?" aliuliza Nyaguthii.

"Zote, madam. Kwa siku moja."

Ndila alipiga hatua moja mbele ya Mwikali. "Ni kweli, madam. Ndilo jambo nililotaka kukueleza. Walifyeka nikiwa kliniki, na walifanya hivyo kwa kunipenda. Mimi ndiye niliyewaficha masharti ya mpango. Kwa hiyo kosa likihesabiwa, lihesabiwe kwangu."

"Kosa gani tena?" alisema Mwikali.

Ndila alimgeukia. "Mama Kioko, serikali haikuwa inakuja kutazama kama shamba ni safi. Ilikuwa inakuja kuzitazama nyasi. Nyasi ndizo zinazolipiwa. Nyasi na ile miti."

"Nyasi?"

"Nyasi."

Mwikali aliuweka mkono kinywani, akauacha hapo. Mwanamke mmoja nyuma alianza kucheka, akaona uso wa kiongozi wake, akageuza kicheko kuwa kikohozi.

Nyaguthii alikitoa kishikwambi chake mkobani, akateremka mtoni peke yake, na wengine wote wakamfuata kwa mbali. Ukingoni alipiga magoti. Alizifunua nyasi zilizotandazwa, akatazama mashina yaliyobaki, akaingiza vidole udongoni. Alisogea hatua chache akafanya hivyo tena, kisha tena.

"Mlitumia kifaa gani?" aliuliza Nyaguthii, bado akiwa amepiga magoti.

"Panga," alijibu Mwikali kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuisikia ikitoka kwake.

"Hamkutumia jembe? Hata kwenye visiki vigumu?"

Hapo Mwikali alisahau kwamba yuko kizimbani. "Jembe ukingoni? Madam, sisi ndio tuliochimba matuta ya kata hii yote, tukiwa na watoto mgongoni. Ukingo haupigwi jembe. Hukatwa kwa panga, na shina huachwa urefu wa shubiri, ili udongo usiondoke na mvua. Anayepeleka jembe ukingoni, mwethya humtoza mbuzi. Muulize yule pale, alikwisha kutozwa."

"Nilikuwa bibi arusi," alijitetea yule mwanamke wa kikohozi. "Kwetu Yatta sikufunzwa."

"Na nyasi hizi zilizotandazwa?"

"Hizo si sisi. Sisi tulitaka kuzichoma. Yeye alitunyima moto. Alisema eti tutakula moshi."

Nyaguthii aliinua kichwa ghafla. "Hamkuchoma popote? Hata lundo moja?"

"Hata kijiti, madam."

Afisa alisimama, akajipangusa magoti. Aliutazama ukingo wote, kutoka mpaka wa juu hadi bwawani, na kwa mara ya kwanza uso wake ulikunjuka.

"Mama Ndila, siku ulipojiandikisha, niliposoma masharti, nilisema nini?"

"Ulisema tusiuguse ukingo."

"Hapana. Nilisema usilimwe, usichomwe, usilishwe mifugo. Kukata nyasi kwa mkono zikiwa zimekwisha kumwaga mbegu, mizizi ikabaki ardhini na nyasi zenyewe zikabaki hapo hapo, hakujakatazwa. Mngepiga jembe, ningeandika hapana. Mngewasha moto, nisingehitaji hata kushuka kwenye pikipiki. Majivu ningeyaona kutoka barabarani." Alilichukua konzi la udongo kutoka chini ya nyasi, akamwekea Ndila kiganjani. Ulikuwa na ubaridi na unyevunyevu, kiangazi kile. "Mashina bado ni mabichi. Mvua ikinyesha, yataota."

Ndila aliufumba mkono juu ya ule udongo.

"Sasa imebaki miche," aliendelea Nyaguthii. "Mara iliyopita niliitafuta mpaka nikakata tamaa, na mwenyeji wangu hakuwa tayari kuingia humo."

Muthoka aliinamia kiatu chake, akakuta pana kamba ya kufungwa.

"Leo ninaiona yote kutoka hapa. Ni nani aliyefikiri kuifunga vitambaa?"

"Ni leso yangu," alisema Mwikali. "Nilihofia mapanga. Mmoja ulinipita, madam, ule wa chini. Ni mimi niliyeukata. Nimelala vibaya kwa ajili yake, hata kabla sijajua kwamba unalipiwa."

Nyaguthii alitembea kutoka kitambaa hadi kitambaa, akiupiga kila mche picha. Kwenye kisiki cha mkau alisimama zaidi, akaandika. Aliporudi, aliwaambia kwamba mche ule upandwe upya kabla ya mvua, kwamba nyasi zisikatwe tena mpaka apewe taarifa, na kwamba shamba limepita. Alilitamka neno hilo la mwisho kwa namna ile ile aliyoyatamka mengine, kama mtu anayetaja bei ya unga. Ikabidi Muthoka amwombe alirudie.

"Limepita," alirudia afisa.

Ndila alikaa chini pale pale, juu ya nyasi, na gauni lake la buluu. Wanawake walidhani presha imempanda, wakamkimbilia, mmoja akimpepea kwa kitambaa cha kichwa, mwingine akiagiza maji.

"Niacheni," alisema. "Nimekaa tu. Mtu hakai kwenye nyasi zake?"

Muthoka alikuwa amejitenga kando ya mwamba, simu sikioni. "Hapana, ndugu yangu," walimsikia akisema. "Hapana, si suala la bei. Ukingo huu umeshikwa. Tafuta mto mwingine." Akaongeza, "Hata huo mwingine, ningekushauri usiutafute." Kisha akabonyeza namba nyingine, akawapa kisogo, na safari hii hakuna aliyesikia ila jina la Wendy.

Mwikali alijishusha kando ya rafiki yake kwa kuguna. Walikaa wakiutazama mchanga mweupe wa bwawa, ukiwa umetulia mahali pake.

"Kwa hiyo," alisema Mwikali, "mwaka mzima umekuwa ukilipwa kwa kukaa, nasi tunakuhurumia kanisani."

"Nilikuwa sijalipwa bado."

"Ulikuwa ukituficha."

"Nilijua mtanicheka."

"Tungekucheka, ndiyo. Halafu tungenyamaza, halafu tungeuliza tunajiandikisha wapi. Mimi sina ukingo? Mama wa Yatta hana ukingo?" Aliinuka kwa shida, akamwita afisa aliyekuwa akivaa kofia ya pikipiki. "Madam, usituondokee bado. Tuna maswali."

Wakati wengine walipomzunguka Nyaguthii uwanjani, wakiuliza wote kwa pamoja, Ndila aliingia jikoni. Chungu cha jana kilikuwa bado na muthokoi uliobakia, umeganda na kupoa. Hakuupasha moto. Alichukua kijiko, akala akiwa amesimama, akala mpaka akasikia sauti ya kijiko ikikwaruza chini ya chungu. Na Mwikali, aliyemfuata kuulizia chai ya mgeni, alimkuta akilamba kidole.

"Na chumvi je?" aliuliza Mwikali.

"Ipo ya kutosha," alisema Ndila, akaanza kuosha vikombe.